Kuiombea easofti ruhusa Uganda: anza na karatasi, bunduki baadaye

Easofti ni mchezo wa timu mbili zinazowindana, porini au ndani ya jengo, kwa bunduki za kuchezea zinazorusha punje za plastiki zenye upana wa milimita 6. Nimeanza na maelezo hayo kwa sababu nusu ya watu niliowahi kuwatajia jina hili walidhani ni sabuni. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida hawezi kumiliki bastola. Punje haina rangi ya kumchafua mtu kama ile ya peintiboli, kwa hiyo anayepigwa hujitaja mwenyewe: anainua mkono, anasema "nimepigwa", anatoka.

Shida ya mchezo huu ni sura ya bunduki zake. Zimetengenezwa zifanane na za kweli, na katika nchi ambayo kila mlango wa benki una askari na bunduki yake, hakuna anayekusubiri umweleze.

Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu. Nimeshika faili za vijana watatu kwa nyakati tofauti waliotaka mchezo huu utambuliwe hapa, na wote walianza mahali pamoja pabaya: waliagiza bunduki kwanza, wakatafuta ruhusa baadaye. Haya ndiyo ningewaambia kama wangenipigia simu mapema.

Hatua ya 1: Liweke pembeni neno "halalisha"

Ukiandika barua ya kuomba easofti ihalalishwe, umeshakiri kwa mkono wako kwamba ni haramu. Nani alikuambia? Sheria yetu ya Silaha ni ya mwaka 1970, mchezo huu haukuwa umezaliwa, na jina lake halimo ndani. Swali la kweli ni kama kifaa chenye mtutu kinachorusha punje ya plastiki kwa nguvu ya springi, betri au gesi kinaingia katika maana ya silaha ndani ya sheria hiyo. Hilo ni suala la tafsiri, na mtu anaweza kulijibu kwa barua. Kuhalalisha ni suala la siasa, na barua yake hukaa kwenye trei mpaka ibadilike rangi.

Fikiria upande wa afisa anayeisoma. Hakuna afisa aliyewahi kupoteza kazi kwa kukataa bunduki. Aliyeruhusu, siku mambo yakiharibika, jina lake ndilo litakalosomwa redioni. Kwa hiyo usimwombe ruhusa. Mwombe utaratibu. Barua yangu ingekuwa na maswali matatu tu: kifaa hiki chenye vipimo hivi mnakihesabu kuwa nini? Ofisi gani ina mamlaka juu yake? Ni masharti gani chama cha michezo kinapaswa kutimiza kabla ya kuingiza hata kimoja? Afisa anaweza kukujibu "utaratibu ni huu" bila kuona kwamba ameweka shingo yake juu ya gogo.

Hatua ya 2: Zisome sheria nne, hata kama una wakili

Ya kwanza nimeshaitaja. Isome sehemu ya tafsiri ya maneno neno kwa neno, ukiwa na kalamu.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, na hapa ndipo vijana wengi hushtuka. Marekebisho ya mwaka 2007 yalipanua maana ya "silaha ya kuua" katika kosa la unyang'anyi hadi ikajumuisha mfano wa kuigiza wa chombo cha kupigia risasi. Yaani mwizi akiingia dukani na bastola ya plastiki, mbele ya sheria ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifo. Haikuhusu wewe unayecheza Jumamosi na wenzako. Ila inakuonyesha kwamba Bunge lilishaifikiria bunduki bandia zamani, na lilipoifikiria lilimwona mwizi. Kampeni yako inaanzia kwenye picha hiyo.

Ya tatu ni sheria ya jeshi letu, UPDF. Wachezaji wa nchi nyingine hupenda kuvaa kombati za madoadoa. Hapa usithubutu. Sare za jeshi na zinazofanana nazo haziruhusiwi kwa raia, na mwaka 2019 hata kofia nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi katika gazeti la serikali. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia mbele ya mahakama ya kijeshi ni kinyume cha Katiba, lakini mwaka huohuo Bunge likairekebisha sheria ya jeshi na kuufungua tena mlango huo kwa makosa kadhaa. Mvae jezi. Timu moja njano, nyingine bluu, kama watoto wa shule siku ya michezo. Mtachekwa na Wajapani, lakini mtalala nyumbani.

Ya nne ni yangu, forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumia sheria moja ya usimamizi wa forodha, ya mwaka 2004, na silaha zote za sura ya 93 ya orodha ya bidhaa zimo katika zinazozuiwa mpaka uwe na kibali. Ndani ya sura hiyo kuna namba 9304, ambayo inataja bunduki za springi, hewa na gesi. Vitu vya kuchezea watoto viko 9503. Mzigo uleule ukiandikwa 9503 ni mdoli, ukiandikwa 9304 ni silaha. Muuzaji wa ng'ambo ataandika 9503 ili apate biashara yake, afisa wa mpakani atafungua boksi na kusoma 9304, na atakayetoa maelezo ni wewe. Dawa yake ipo: kabla ya kuagiza, iombe URA, mamlaka yetu ya mapato, uamuzi wa awali wa uainishaji, kwa maandishi, ukiambatanisha picha na vipimo. Wachache wanajua kwamba huduma hiyo ipo.

Niseme lililonipata, ingawa halinipendezi. Mpwa wangu aliye ng'ambo alinitumia katoni ya viatu vya kuuza. Katikati ya viatu alitia bastola moja ya easofti, zawadi ya mdogo wake, bila kunigusia. Mimi nilisaini tamko la mzigo: viatu, jozi arobaini. Katoni ikafunguliwa mbele yangu.

"Mama, hii nayo ni saizi ngapi?" afande akaniuliza, ameishika kwa vidole viwili.

"Ni ya kuchezea, afande."

"Mtoto gani anachezea hii?"

Akaitoa magazini, ikamponyoka, punje tatu nyeupe zikabingirika juu ya meza na moja ikaishia kwenye sahani ya kikombe chake cha chai. Akaiokota, akaiuma kwa jino kama mtu anayepima sarafu. "Plastiki," akasema. Kisha akaigonga ile bastola kwa kalamu. "Hiki kipira sikiogopi, mama. Naiogopa sura yake." Nilikaa siku mbili nikiandika maelezo, viatu vikatoka, bastola haikutoka. Nilisaini kwamba nimeiacha. Sikumlaumu afande na simlaumu leo. Kila ninaposoma barua ya kampeni iliyojaa hesabu za kasi na nguvu, namkumbuka na kalamu yake.

Hatua ya 3: Mjibu afande yule

Hesabu za nguvu zinahitajika, tuzimalize haraka. Punje ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde ina nishati ya jouli 1. Risasi ya AK-47 ina uzito wa kama gramu 8 na hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, yaani jouli zipatazo 2,000. Nunua au azima kronografu, kile kipimo cha kasi, uwe nacho mkutanoni siku utakapopata kibali cha kuonyesha kifaa. Mtu anayeona namba kwenye kioo huamini kuliko anayesomewa. Na kabla hujaulizwa, sema mwenyewe kwamba punje hiyo kwenye ngozi huacha alama nyekundu, na kwenye jicho huweza kupofusha. Weka miwani ya kinga iliyofunga pande zote juu ya meza. Ukilificha la jicho, daktari yeyote aliyeko kikaoni atakumaliza kwa sentensi moja.

Lakini swali la afande halikuwa la jouli. Swali lake ni hili: mtu akiingia nayo kwenye duka la mobile money saa mbili usiku, yule binti aliyeko dirishani atajuaje? Hatajua. Usijaribu kubishana hapo. Novemba 2014 huko Cleveland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya easofti ambayo alama yake ya rangi ya chungwa ilikuwa imeondolewa, akafariki. Askari wetu hawana muda zaidi ya wale wa Cleveland.

Jibu lako liwe na sehemu mbili. Kwanza rangi. Si kipande cha utepe mdomoni mwa mtutu, ambacho mtoto hukibandua kwa kucha. Agiza kiwandani miili yenye rangi kali: kijani cha ndimu, chungwa, bluu ya beseni. Uingereza, sheria yao ya mwaka 2006 ilipobana bunduki za kuigiza zinazofanana na za kweli, zenye rangi kali zilibaki kuuzwa kirahisi zaidi. Najua mashabiki wataniambia kwamba bunduki ya bluu inaua ladha ya mchezo. Ladha mtaitafuta mwaka wa tano.

Pili, na hapa ndipo nawaudhi watu zaidi, asimiliki mtu binafsi. Kwa miaka ya mwanzo vifaa vyote viwe vya chama, kila kimoja na namba iliyochongwa, vifungwe kwenye stoo moja yenye kufuli mbili na funguo za watu wawili. Daftari la kutoa na kurudisha lisainiwe. Nakala ya orodha iwe kituo cha polisi kilicho karibu. Vikisafirishwa viwe ndani ya masanduku yaliyofungwa, kwenye buti ya gari, kamwe si mgongoni kwenye bodaboda. Ukiingia ofisini na daftari hilo limechorwa mistari tayari, mazungumzo yanageuka. Sasa mnajadili stoo, na stoo haimtishi mtu.

Hatua ya 4: Chunga ulimi, hasa huu wa Kiswahili

Watu wa rika langu waliokulia Kampala na Luweero hawakukisikia Kiswahili kwanza shuleni. Walikisikia kwenye rodibloku: simama, toa kitambulisho, lala chini. Zile operesheni za kuzoa watu mitaani miaka ya 1980 mpaka leo zinaitwa kwa Kiswahili chake, panda gari. Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba na sisi wa mpakani tunakiota ndotoni, lakini ukisimama mbele ya wazee wa kijiji cha Buganda ukasema kwa Kiswahili "tunataka kuleta bunduki tuvamie ile ngome kule msituni", usishangae kikao kikivunjika.

Kubalianeni maneno kwenye chama kabla ya kutoka nje. Bunduki iwe "kifaa". Risasi iwe "punje". Adui awe "timu ya pili". Msiseme mtu amekufa, semeni ametoka. Msiseme vita, semeni mchezo au mzunguko. Kundi la WhatsApp lisiitwe kikosi, na picha yake isiwe fuvu. Nimeliona kundi moja la vijana wema kabisa, waimbaji wa kanisani, limejipa jina la kundi la waasi kwa mzaha. Mzaha huo ukifika kwenye simu ya ofisa wa usalama wa gombolola hausomeki kama mzaha.

Kwa wazee, leta mkalimani wa lugha ya hapo. Neno la Luganda la bunduki ni emmundu, na kila mtu analo kumbukumbu lake. Mkalimani mzuri atalizunguka.

Hatua ya 5: Sajili chama

Hapa sina mengi. Jina na kampuni isiyogawana faida vinasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Kisha mwende Baraza la Taifa la Michezo, Lugogo, ambalo Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023 imelipa kazi ya kusajili na kusimamia vyama. Watawauliza mchezo una shirika gani la kimataifa. Jibu linalosimama vizuri ni la kulenga shabaha: shirikisho la kimataifa la IPSC lina tawi la mashindano ya kulenga kwa vifaa vya easofti.

Na huo ndio ushauri wangu mkubwa katika hatua hii. Anzeni na kulenga shabaha ndani ya ukumbi, makopo na karatasi, saa na alama. Hakuna anayemlenga binadamu, hakuna anayekimbia kichakani, majirani hawaoni kitu. Mwaka mmoja au miwili ya daftari safi la ukumbini itabeba ombi la mchezo wa porini. Ikishindikana hata hiyo, chezeni kwa vifaa vya miale ya mwanga, visivyorusha chochote, mradi chama kiishi na wanachama wasitawanyike.

Hatua ya 6: Uwanja na majirani

Usichague mahali kwa uzuri wa miti. Mbali na kambi za jeshi, kwa hiyo kandokando ya Bombo sahau. Mbali na uwanja wa ndege wa Entebbe. Na vijiji vya Luweero, vilivyopigwa na vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, viacheni vipumzike. Mzee aliyewahi kuikimbia nyumba yake hapaswi kuona vijana wakitambaa kwenye kahawa yake.

Kisha pandeni ngazi moja moja: mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, halafu mkuu wa polisi wa wilaya, halafu ofisi ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Mkiruka ngazi, aliyerukwa atawangoja. Kwa mwenyekiti nendeni kwa miguu, jioni, mkiwa wawili au watatu, na mmoja awe mwanamke mtu mzima. Mwambie hivi: "Mzee mwenyekiti, hatujaleta kitu chochote. Tumekuja kukuuliza kwanza." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kronografu. Akikubali, mwombe barua yenye muhuri wake, maana ofisi za juu zitaiulizia.

Siku ya mchezo wekeni mabango barabarani pande zote na utepe kuzunguka eneo, na mpeni askari mmoja wa kituo nafasi ya kukaa nanyi, chai na chapati juu ya chama. Akirudi kituoni atasema alichokiona, na maneno yake yatafika mahali ambapo barua yenu haifiki.

Hatua ya 7: Beba mifano ya nje, lakini na ile mibaya

Wengi hubeba Japani na Uingereza tu. Japani iliweka kikomo cha kama jouli 0.98 mwaka 2006. Uingereza, mwaka 2017, iliandika jouli 1.3 kwa vifaa vinavyorusha mfululizo na 2.5 kwa vingine, na mfumo wao wa kuthibitisha wachezaji humtaka mtu awe amecheza mara tatu katika muda usiopungua siku 56 kabla ya kununua. Huo wa siku 56 uigeni, unawapendeza sana watu wa usalama.

Ongezeni na Kanada, ambako mwaka 2022 na 2023 kifungu ndani ya muswada wa silaha kilikuwa kinaelekea kuvipiga marufuku vifaa vinavyofanana na bunduki za kweli. Wachezaji na wenye viwanja walikwenda kwenye kamati na hesabu za biashara zao, na kifungu kikaondolewa. Kisha itajeni Australia Kusini, ambako mwaka 2020 bunduki za kuchezea zinazorusha punje za jeli, zilizokuwa zikiuzwa huria, zilihesabiwa kuwa silaha za kuigiza, zikahitaji leseni. Mkiitaja wenyewe mnapata nafasi ya kusema kwa nini: zilitapakaa mikononi mwa watu kabla ya kuwa na utaratibu, na ninyi mnaomba kinyume chake. Msipoitaja, mtu atawasomea kutoka kwenye simu yake.

Hatua ya 8: Lini na kwa nani

Uchaguzi wetu mkuu huja kila miaka mitano, Januari au Februari. Miezi sita kabla na mitatu baada yake msipeleke kitu chochote chenye mtutu kwa mtu yeyote, hata picha. Hali kadhalika likitokea tukio la bunduki mjini. Mei 2023 waziri alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe nyumbani kwake, na kwa majuma kadhaa nchi nzima ilizungumza bunduki. Barua ya easofti iliyofika wiki hiyo ingekuwa imejiua.

Bunge liwe la mwisho. Ombi la wananchi bungeni linapendeza kwenye picha, lakini mbunge mmoja akisimama na kuuliza "watoto wetu wafundishwe kulenga watu?", mtajibu kwa miaka. Nendeni kwanza kwa idara ya polisi inayoshughulikia silaha na ulinzi binafsi, Naguru, nakala kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, nakala kwa Baraza la Michezo, nakala URA. Barua ya ukurasa mmoja, viambatanisho nyuma: barua ya LC1, vipimo, mchoro wa stoo, kurasa mbili za daftari, orodha ya viongozi na vitambulisho vyao.

Piga nakala mbili za kila barua. Moja unaiacha mapokezi, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Binti wa mapokezi akikuambia muhuri hauna wino, kaa kwenye benchi usubiri. Baada ya siku thelathini rudi na nakala hiyo, uliza faili iko chumba namba ngapi, uandike namba hiyo nyuma ya barua kwa kalamu ya risasi, maana faili huhama.